Mwenzi Asiyekuwepo: Historia ya Tiba ya Wenzi na Kuambukizwa Upya kwa Magonjwa ya Zinaa katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Ikisiri

Kumtibu mgonjwa wa kisonono au kaswende bila kumtibu mwenzi wake ni kumrudisha nyumbani akaambukizwe upya. Kanuni hii inajulikana katika kila zahanati, lakini ni miongoni mwa kanuni zinazotekelezwa kwa uchache zaidi. Makala haya yanafuatilia namna "mtu wa pili" katika ugonjwa wa zinaa alivyofikiriwa, alivyotajwa na alivyotafutwa katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, na katika nchi jirani ambazo historia yake haitengani na ya pwani hiyo. Hoja kuu ni kwamba mtu huyo alichukuliwa kwanza kuwa mkosaji, kisha mwili wa kukaguliwa, na hatimaye jina kwenye karatasi. Ni mara chache alichukuliwa kuwa mgonjwa mwenye haki ya dawa. Kwa kuwa huduma za afya za eneo hili zinajengwa upya baada ya vita vilivyoanza mwaka 2017, makala yanapendekeza kuwa tiba ya wenzi ijengwe juu ya hali halisi ya watu wanaosafiri na juu ya lugha wanazozungumza.

1.0 Utangulizi

Tuseme mwanamke mjamzito wa kisiwa cha Ibo anapimwa kliniki na kukutwa na kaswende. Anachomwa sindano moja ya penisilini ya benzathini, dozi ya yuniti milioni 2.4. Dawa hiyo ina nguvu. Utafiti wa Watson-Jones na wenzake uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionesha kuwa miongoni mwa wajawazito wenye kaswende kali ambao hawakutibiwa, takriban asilimia 25 walizaa watoto wafu, ilhali miongoni mwa wasio na kaswende kiwango kilikuwa asilimia 1. Watafiti hao hao walionesha pia kuwa sindano moja inatosha kuiondoa hatari hiyo. Kwa hiyo mama na mtoto wameokolewa, kwa sharti moja: mume anayerudi kutoka kambi ya wavuvi mwezi unaofuata naye awe ametibiwa. Asipotibiwa, kazi yote ya kliniki itakuwa imefutika kabla mtoto hajazaliwa.

Kinga ya kaswende na kisonono haidumu mwilini. Mtu aliyepona leo anaweza kuambukizwa kesho na mtu yule yule aliyemwambukiza mwanzo. Tena wengi wanaobeba maradhi haya hawajui. Kisonono na klamidia kwa wanawake mara nyingi hazina dalili, na trikomona kwa wanaume vivyo hivyo. Mwenye dalili huja hospitali. Asiye na dalili hubaki nyumbani au baharini, naye ndiye chanzo cha ugonjwa wa pili. Gharama yake si usumbufu tu. Kuambukizwa mara kwa mara huongeza hatari ya ugumba kwa wanawake, na vidonda na uvimbe wa sehemu za siri hurahisisha kupita kwa virusi vya UKIMWI. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za Msumbiji, kiwango cha maambukizi ya virusi hivyo kwa watu wazima wa Cabo Delgado kilikuwa asilimia 9.4 mwaka 2009 na asilimia 13.8 mwaka 2015.

Swali la makala haya ni la kihistoria na la kiisimu: kwa nini mtu wa pili amekuwa mgumu kufikiwa? Majibu ya kawaida hutaja ujinga, aibu na ukaidi wa wanaume. Makala yanaonesha kuwa majibu hayo ni mepesi mno. Ugumu huo una historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitengenezwa na wale wale waliokuwa wakimtafuta.

2.0 Pwani ya watu wanaosafiri

Tiba ya wenzi, kama ilivyoandikwa katika miongozo mingi, hudhani kuwa mgonjwa ana mwenzi mmoja, anayejulikana, anayeishi karibu, na anayeweza kufika kituoni ndani ya siku chache. Pwani inayoanzia visiwa vya Quirimbas hadi mdomo wa Ruvuma haijawahi kuwa na hali hiyo kama kawaida yake.

Eneo la Palma, ambalo zamani liliitwa Tungi, lilikuwa chini ya madai ya Sultani wa Zanzibar hadi Wareno walipolitwaa kwa nguvu mwaka 1887. Mpaka wa Ruvuma uligawa watu waliokuwa na ndugu, mashamba na wake pande zote mbili. Kuanzia mwaka 1891 hadi 1929 eneo lote lilikabidhiwa Kampuni ya Niassa, ambayo kodi yake ya kibanda na kazi zake za shuruti ziliwafanya watu wengi wavuke mto kwenda Tanganyika. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wareno, Wajerumani na Waingereza, pamoja na wapagazi wengi, yalipita katika ardhi hiyo. Kionga, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani tangu 1894, ilirudishwa kwa Wareno mwaka 1916. Baadaye mashamba ya mkonge ya Tanganyika yaliwavuta vijana wa Kimakonde na Kimakua kwa miaka mingi. Mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960 na vita vya ukombozi vilivyoanzia Chai tarehe 25 Septemba 1964 vilisukuma wakimbizi wengine kuelekea Mtwara na Lindi, huku serikali ya kikoloni ikiwakusanya waliobaki katika vijiji vya ulinzi.

Sambamba na misukosuko hiyo kulikuwa na mwendo wa kawaida wa bahari. Wavuvi wa pwani ya Nampula hupanda kaskazini na kupiga kambi visiwani kwa msimu. Wavuvi na wachuuzi wa Mtwara hushuka kusini. Watu wa pwani ya Kiswahili huita safari hizo kwenda dago. Mvuvi aliye dago huweza kuwa na mke nyumbani na mwenzi mwingine kambini, kwa ndoa halali au bila ndoa. Katika jamii za Kiislamu zinazofuata ukoo wa mama, ambamo mwanamume mara nyingi huhamia kwa mkewe na talaka si tukio la ajabu, orodha ya wenzi wa miezi mitatu iliyopita yaweza kuwa na watu walioko katika wilaya mbili au nchi mbili.

Kwa hiyo mwenzi asiyekuwepo ndiye mwenzi wa kawaida wa pwani hii. Sera inayomfikiria kuwa ni pungufu la tabia ya mtu mmoja mmoja imekosea tangu mwanzo.

3.0 Tego: nadharia ya watu watatu

Kabla ya zahanati, jamii za pwani ya Kiswahili zilikuwa na maelezo yake kuhusu mtu wa pili. Kamusi za Kiswahili za karne ya 20 huorodhesha majina kadhaa ya maradhi haya: kisonono, kaswende, sekeneko, na pamoja nayo tego. Majina matatu ya kwanza hutaja ugonjwa. La nne hutaja uhusiano.

Tego, kutokana na kitenzi tega, ni ugonjwa unaosadikiwa kumpata mwanamume aliyezini na mke wa mtu. Mume huwa amemtega mkewe kwa dawa. Mke hadhuriki, mume hadhuriki, ila mgeni hushikwa. Kumponya aliyeshikwa hakutoshi kwa dawa peke yake. Sharti mtego uteguliwe, na mwenye kuutegua ni yule aliyeutega. Kitenzi tegua ni kinyume cha tega, kama vile fungua kilivyo kinyume cha funga.

Ni rahisi kuitupa imani hii kama ushirikina, na kwa upande wa chanzo cha ugonjwa haina ukweli. Ina madhara pia. Humfanya mwanamke kuwa chombo cha mtego na humpa mume kinga ambayo bakteria hawaitambui. Anayeamini kuwa ana tego huenda kumtafuta mganga au kuomba radhi kabla ya kutafuta sindano, na mume aliyejihesabia kinga haoni sababu ya kupimwa. Hata hivyo mwanahistoria hana budi kuona jambo jingine ndani yake. Tego linajua kuwa ugonjwa huu haukai ndani ya mtu mmoja. Linajua kuwa kuna watu watatu, na kwamba mmoja hawezi kupona kikamilifu mpaka wengine wahusishwe. Kadi ya mwenzi ya zahanati ya leo, pamoja na elimu yake yote, kwa kawaida inajua watu wawili tu.

Somo hapa si kurudi kwenye tego. Wazo la kwamba uponyaji ni jambo la uhusiano halikuletwa na hospitali, na mhudumu wa afya anayelieleza halazimiki kuanza na ukurasa mtupu. Linalohitaji kubadilishwa ni sehemu ya hatia: nani alitega, nani alizini, nani aombe radhi.

4.0 Dola na mwili wa mwanamke

Tiba ya kikoloni haikuondoa hatia. Iliihamisha na kuiwekea sheria.

Kielelezo chake kilitoka Ulaya. Sheria za Magonjwa ya Kuambukiza za Uingereza za miaka ya 1864, 1866 na 1869 ziliruhusu wanawake walioshukiwa kuwa makahaba katika miji ya kijeshi wakamatwe na kukaguliwa, lakini wanajeshi wenyewe hawakuguswa na sheria hizo. Zilifutwa mwaka 1886 baada ya upinzani mkubwa. Ureno nayo iliendelea kusajili na kukagua makahaba hadi sheria ya mwaka 1962 ilipopiga marufuku ukahaba kuanzia Januari 1963. Katika mantiki hiyo maambukizi yana chanzo kimoja, nacho ni mwanamke. Mwanamume ni mwathirika anayepaswa kulindwa.

Afrika Mashariki mantiki hiyo ilijitokeza wazi zaidi Uganda. Mwaka 1908 Kanali Lambkin wa kikosi cha madaktari wa jeshi la Uingereza alitangaza kuwa kaswende ilikuwa imeenea mno Buganda, na akahusisha kuenea huko na kulegea kwa udhibiti wa wanawake. Kutokana na hofu hiyo zilianzishwa kampeni za ukaguzi na tiba, na hospitali ya Mulago yenyewe ilianza mwaka 1913 ikiwa mahali pa kutibia magonjwa hayo. Wanahistoria, akiwemo Megan Vaughan katika kitabu chake cha mwaka 1991, wameonesha jinsi hofu hiyo ilivyokuwa na mizizi katika mawazo ya wakoloni kuhusu wanawake wa Kiafrika, na jinsi sehemu ya kilichoitwa kaswende ya zinaa ilivyoweza kuwa buba au kaswende isiyoenezwa kwa kujamiiana.

Buba inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu inatupa ulinganisho adimu. Kimelea cha buba ni ndugu wa karibu sana wa kimelea cha kaswende, na penisilini huponya vyote viwili. Kati ya mwaka 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni dhidi ya buba na magonjwa yanayofanana nayo katika nchi 46, wakawatibu watu wapatao milioni 50 na kupunguza ugonjwa kwa takriban asilimia 95. Kanuni yao ilikuwa kuwatibu wagonjwa pamoja na waliogusana nao, na pale ugonjwa ulipoenea sana, kijiji kizima. Dawa ilikuwa ya aina moja na hoja ya kitabibu moja, lakini buba huenezwa kwa ngozi ya watoto wanaocheza, na hakuna aliyeulizwa alilala na nani. Tofauti kati ya kumfikia mtu wa pili wa buba na kumfikia mtu wa pili wa kaswende, kwa sehemu kubwa, haikuwa ya kitabibu. Ilikuwa tofauti ya hatia.

Uhuru wa Msumbiji mwaka 1975 ulileta huduma za afya za umma na juhudi kubwa ya kufikisha tiba vijijini, lakini haukuvunja kabisa mazoea ya dola ya kuwaorodhesha wanawake. Wanawake waliohesabiwa kuwa makahaba walipelekwa kambi za kuelimishwa upya, na katika Operesheni ya Uzalishaji ya mwaka 1983 watu wa mijini walioonekana hawana kazi, wakiwemo wanawake wasio na waume, walisafirishwa kwa nguvu, hasa kwenda Niassa, mkoa jirani wa Cabo Delgado. Pale ambapo kuandikwa jina kumewahi kumaanisha kuchukuliwa, hatuwezi kushangaa kuwa mgonjwa anayeombwa kutaja majina hukaa kimya. Carlos Serra, katika utafiti wake kuhusu kipindupindu uliochapishwa mwaka 2003, alionesha jinsi wahudumu wa afya kaskazini mwa Msumbiji walivyotuhumiwa kueneza ugonjwa waliokuja kuuzuia. Shaka ya namna hiyo ni kumbukumbu ya kisiasa kabla ya kuwa ujinga wa kitabibu.

5.0 Karatasi ya mwenzi na mafunzo ya jirani

Katika miaka ya 1990 UKIMWI uliyarudisha magonjwa ya zinaa katikati ya sera. Zahanati nyingi hazikuwa na maabara, hivyo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba kwa kufuata dalili: usaha kwa mwanamume, kidonda, ute ukeni, maumivu ya tumbo la chini, kila moja na dawa zake. Pamoja na dawa, mgonjwa hupewa ushauri, kondomu, na karatasi ya kumpelekea mwenzi.

Ushahidi maarufu wa njia hiyo ulitoka Mwanza. Jaribio lililoongozwa na Grosskurth na wenzake katika jamii 12, na kuchapishwa mwaka 1995, lilionesha kuwa kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI kwa takriban asilimia 40: asilimia 1.2 ya watu waliambukizwa katika miaka miwili, dhidi ya asilimia 1.9 katika jamii za ulinganisho. Miaka minne baadaye, jaribio la Wawer na wenzake huko Rakai, Uganda, ambamo watu walitibiwa majumbani kwa mikupuo kila baada ya miezi 10 hivi, halikupunguza maambukizi ya virusi hivyo, ingawa kaswende na trikomona zilipungua kiasi. Wataalamu wamebishana sana kuhusu tofauti hiyo, na wengi wameieleza kwa hatua tofauti za janga katika maeneo hayo mawili. Kwa mada yetu inatosha kuona kuwa tiba ya mkupuo, hata ikimfikia mtu wa pili siku ile ile, haina cha kufanya katika miezi inayofuata, mtu mwingine anaporudi kutoka safarini. Kinachohitajika ni huduma inayokuwepo kila siku.

Karatasi ya mwenzi ndiyo kiungo dhaifu cha huduma hiyo, na majirani wamepima udhaifu wake. Kampala, utafiti wa Nuwaha na wenzake wa mwaka 2001 ulilinganisha njia mbili. Wagonjwa walipopewa karatasi, asilimia 34 ya wenzi walifika kutibiwa. Wagonjwa walipopewa dawa zenyewe wawapelekee wenzi, asilimia 74 waliripotiwa kuzitumia. Lilongwe, Malawi, Brown na wenzake walionesha mwaka 2011 kuwa kuwaachia wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI kazi ya kuwaarifu wenzi kulileta asilimia 24 ya wenzi kituoni, ilhali mhudumu wa afya aliposhiriki kuwatafuta, idadi ilifikia asilimia 51. Seattle, Marekani, Golden na wenzake waligundua mwaka 2005 kuwa miongoni mwa wagonjwa wa kisonono ambao wenzi wao walitafutiwa dawa moja kwa moja, asilimia 3 walikutwa na ugonjwa tena, dhidi ya asilimia 11 ya walioachiwa njia ya kawaida.

Takwimu hizi hazihamishiki Palma zilivyo. Zina mipaka miwili ambayo mshauri wa sera hana budi kuitambua. Kwanza, kaswende hutibiwa kwa sindano, na kisonono, kwa kuwa kimekuwa sugu kwa dawa nyingi za zamani, sasa hutibiwa zaidi kwa seftriaksoni, ambayo nayo ni sindano. Sindano haibebwi mfukoni kupelekwa kambini. Pili, ute ukeni mara nyingi hautokani na zinaa kabisa, bali na fangasi au kuvurugika kwa bakteria wa kawaida wa uke. Mwanamke anayepewa karatasi ya mwenzi kwa sababu ya ute peke yake huweza kurudi nyumbani na tuhuma ambayo hakuna maabara iliyoithibitisha. Hapo karatasi inakuwa tego jipya, na safari hii limetegwa na serikali.

6.0 Baada ya Oktoba 2017

Shambulio la Mocímboa da Praia la tarehe 5 Oktoba 2017 lilifungua vita ambavyo vimewahamisha watu wapatao milioni moja. Kimbunga Kenneth kilipiga visiwa vya Quirimbas na pwani ya Macomia tarehe 25 Aprili 2019. Mocímboa ilishikwa na wapiganaji Agosti 2020 na kukombolewa Agosti 2021. Palma ilishambuliwa Machi 2021. Vituo vya afya vilichomwa au kuachwa, na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lililazimika kuondoka Mocímboa na Macomia mwaka 2020.

Kwa mada yetu vita hivi vimefanya mambo mawili kwa pamoja. Vimezidisha hali ya zamani: wenzi wametengana, wengine Pemba, Metuge au Montepuez, wengine wamevuka Ruvuma, wengine wamekuwa wajane bila kuona kaburi. Ndoa mpya zimefungwa katika makambi na wanawake wamebadilishana mapenzi kwa chakula. Askari, walinzi na vibarua wa mradi wa gesi wa Afungi wameongeza wageni wenye fedha. Wakati huo huo, vita vimeifanya kila karatasi yenye jina kuwa kitu cha hatari. Katika kizuizi cha barabarani karatasi ngeni huzua maswali, na mtu anayeulizwa "wenzako ni nani?" husikia swali la mpelelezi.

Neno mwenzi limebebeshwa mzigo usio wake. Mhudumu anayetaka kuokoa ujauzito na askari anayesaka waasi wanatumia mzizi mmoja wa neno.

7.0 Umoja, wingi na kiambishi -an-

Hapa mwanaisimu ana la kumwambia mshauri wa sera, kwa mifano mitatu.

Wa kwanza ni umoja na wingi. "Mlete mwenzi wako" hutaka mtu mmoja. Mgonjwa aliye na wawili atachagua aliye rahisi, yaani mke wa ndoa, na aliyemwambukiza huenda akawa yule mwingine. "Wote uliokuwa nao tangu mwezi wa Ramadhani" hutaka hesabu yenye mwanzo unaokumbukika, tena bila kudai majina. Kireno, ambacho ni lugha ya karatasi za hospitali za Msumbiji, huongeza tatizo: parceiro ni umbo la umoja na la kiume.

Wa pili ni jina la ugonjwa. Neno zinaa ni la sheria ya dini na hutaja dhambi kabla ya kutaja maradhi. Mke aliyeambukizwa na mume wake wa halali hana zinaa yoyote, lakini jina la ugonjwa wake linamshitaki. Wizara za nchi zetu zimejaribu istilahi ndefu kama magonjwa yaambukizwayo kwa kujamiiana. Ni sahihi, ila si rahisi kutamkwa barazani. Karatasi ya mwenzi haihitaji jina lolote la ugonjwa. Yatosha iandike kuwa mwenye karatasi anaombwa kufika kupata dawa, pamoja na alama ya siri anayoielewa mhudumu.

Wa tatu ni kiambishi -an-. "Umeambukizwa na nani?" ni swali linalotafuta mtenda. "Mmeambukizana" halina mtenda wa kwanza. Watendaji wote wawili wamo ndani ya kitenzi kimoja, na hakuna aliyeanza. Kauli hii ya kutendana si mali ya Kiswahili pekee. Imo katika Kimwani cha Ibo na Mocímboa, Kimakwe cha Palma, Kimakonde cha Mueda na Kimakua cha kusini. Lugha zote za eneo hili tayari zina chombo cha kusema ukweli wa kitabibu bila kesi. Tena ni ukweli, kwa kuwa katika maradhi yasiyo na dalili kliniki kwa kawaida haiwezi kujua nani alianza. Mhudumu anayesema "mmeambukizana, basi mtibiwe pamoja" hadanganyi wala hafichi. Anasema kile tu anachokijua.

8.0 Mapendekezo

Kutokana na historia hii mapendekezo matano yanatolewa kwa wanaopanga upya huduma za afya za pwani ya kaskazini.

Kwanza, tiba ya wenzi itenganishwe na uorodheshaji wa majina. Mgonjwa apewe karatasi nyingi kadiri ya wenzi anaowahesabu mwenyewe, zisizo na jina wala ugonjwa.

Pili, ute ukeni peke yake usiwe sababu ya kutoa karatasi ya mwenzi bila kipimo au dalili nyingine za hatari. Usaha wa mwanamume, kidonda, na kipimo cha kaswende kwa mjamzito vipewe kipaumbele.

Tatu, pale dawa ya kumeza inapofaa na sheria inaporuhusu, mgonjwa abebe dawa za wenzi wake. Pale inapohitajika sindano, sindano imfuate mtu: siku maalumu za huduma katika kambi za wavuvi na mialoni, zikiambatana na huduma nyingine kama vile kupima shinikizo la damu na malaria, ili anayepanga foleni asijulikane alichofuata.

Nne, mwanamke aulizwe kwanza kama ni salama kwake kupeleka habari. Kama si salama, mhudumu au mhamasishaji aichukue kazi hiyo. Uzoefu wa Zambézia, ulioelezwa na Audet na wenzake mwaka 2016, unaonesha kuwa wahamasishaji wanaume wanaowaendea wanaume wenzao huweza kuwaleta wenzi kliniki.

Tano, karatasi inayotolewa Palma itambuliwe Mtwara na ya Mtwara itambuliwe Palma. Iandikwe kwa Kireno na Kiswahili, na maelezo ya mdomo yatolewe kwa Kimwani, Kimakwe, Kimakonde au Kimakua. Mto ambao haukuwahi kuwatenga wagonjwa usiitenge tiba yao.

9.0 Hitimisho

Kila mfumo uliopita katika pwani hii ulimtafuta mtu wa pili kwa jina alilompa. Tego lilimwita mzinzi, serikali ya kikoloni ilimwita kahaba, na fomu ilimwita mwenzi kwa umoja. Kila mara mtu huyo alijificha, na kujificha kwake kukahesabiwa kuwa ukaidi. Buba iliwahi kuonesha kuwa watu wale wale, kwa dawa ile ile, hujitokeza pale ambapo hakuna anayewashitaki.

Mwanamke wa Ibo tuliyeanza naye atarudi kliniki mwezi ujao. Kama mumewe atakuwa ametibiwa au la haitategemea penisilini, ambayo ubora wake umethibitishwa kwa zaidi ya miaka 70. Itategemea maneno aliyopewa kuyabeba, na kama maneno hayo aliweza kuyatamka nyumbani kwake bila kuivunja nyumba.